Aleji na vipimo vyake: mambo ya kujua kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa

Mtu akipima damu na kuambiwa IgE yake, kingamwili inayohusishwa na aleji, iko juu, mara nyingi hutoka maabara akiamini ana aleji. Jioni hiyohiyo anaacha maziwa, mayai na karanga, na mtoto wake anaanza kunyimwa samaki. Kwa mkazi wa Ilemela, Ukerewe au Sengerema, uamuzi wa namna hiyo mara nyingi hauna msingi, na watoto ndio wanaoumia zaidi kwa sababu wanakosa chakula chenye protini bila kosa lolote. Vipimo vya aleji ni vizuri na vinasaidia sana, ila kila kimoja kinajibu swali dogo. Swali kubwa linajibiwa na maelezo ya mgonjwa mwenyewe.

Aleji, au mzio, ni pale kinga ya mwili inapokishambulia kitu ambacho kwa watu wengine hakina madhara: ute wa yai, protini ya samaki, kinyesi cha wadudu wadogo wanaoishi kwenye godoro, mende, chavua, sumu ya nyuki. Mwili unapokutana nacho mwanzoni hauonyeshi dalili yoyote. Unatengeneza kimyakimya kingamwili za IgE zinazokitambua kitu hicho, na kingamwili hizo zinajipachika kwenye seli za masti zilizoko katika ngozi, pua, mapafu na utumbo. Kitu hicho kikirudi, seli hizo zinamwaga histamini, kemikali inayoleta uvimbe na muwasho, ndani ya dakika chache. Hapo ndipo mwili unapoumuka, macho yanapowasha, chafya zinapofuatana na kifua kinapobana.

IgE ilitambuliwa miaka ya 1960 na timu mbili zilizofanya kazi mbalimbali: wanandoa Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na Johansson na Bennich huko Sweden. Kazi zao ndizo zilizotuletea vipimo tunavyotumia leo. Lakini kingamwili hii haina kazi ya aleji peke yake. Mwili huizalisha kwa wingi pia unapopambana na minyoo, na kichocho ni mnyoo. Ukanda huu wa ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye kichocho kingi cha tumbo nchini, kiasi kwamba wanasayansi wa NIMR Mwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wamekichunguza kwa miaka mingi, na watoto wetu hupewa dawa zake shuleni. Kwa hiyo mvuvi wa Kayenze anaweza kuwa na IgE ya jumla iliyozidi mara nyingi kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya majibu, na asiwe na aleji hata ya kitu kimoja. Anachohitaji kwanza ni kupimwa choo na kumeza dawa ya kichocho.

Hata kipimo cha damu kinachotafuta IgE ya kitu kimoja kimoja, karanga kwa mfano, kinaweza kutupotosha kwa sababu hiyohiyo. Kichocho kina sukari zinazofanana na zile zilizomo kwenye karanga na mimea mingine, na kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya mnyoo zinaweza kunasa kwenye karanga ndani ya kipimo. Watafiti waliofanya kazi na watoto wa shule nchini Ghana walilikuta jambo hili waziwazi: damu ilionyesha IgE ya karanga, ngozi ilipochomwa kwa tone la karanga haikuumuka, na watoto walikuwa wanakula karanga zao kama kawaida. Majibu chanya, yawe ya damu au ya ngozi, yanasema mwili umekitambua kitu. Hayasemi kwamba kitu hicho kinakuumiza.

Ndiyo maana kliniki tunaanza kwa maswali, na ninaomba wagonjwa wasiyachoke. Ulikula nini? Dalili zilianza baada ya muda gani? Aleji ya chakula ya aina hii huja ndani ya dakika chache, na kwa kawaida haizidi saa mbili. Zilijirudia kila ulipokula chakula kilekile? Kama jana ulikula sangara ukaumuka, na wiki iliyopita ulikula sangara usiumuke, sangara huyo huenda hana hatia. Mwambie daktari pia unapofanyia kazi. Mama anayeanika na kufungasha dagaa anavuta vumbi lake kutwa nzima, na protini ya samaki inaweza kuleta pumu kwa njia ya hewa bila mtu kula hata kipande. Mvuke wa sufuria ya samaki nao unatosha kwa baadhi ya watu, kwa sababu protini kuu inayoleta aleji ya samaki haiharibiki kwa kuchemshwa wala kukaangwa.

Maelezo yakishaelekeza kwenye jambo fulani, kipimo cha ngozi hufuata. Mgonjwa anakaa, anaweka mkono juu ya meza, na upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kifundo, unawekwa alama kwa kalamu. Kwenye kila alama linadondoshwa tone: la wadudu wa godoro, la mende, la yai, kadiri maelezo yalivyoelekeza. Kisha ngozi iliyo chini ya tone inadungwa kwa ncha ndogo ya takribani milimita moja. Damu haitoki, au inatoka kidogo mno. Watoto wengi hushangaa kuwa imekwisha. Matone mawili hayakosi kamwe. Moja ni la maji ya chumvi, ambalo halitakiwi kuumua ngozi, na jingine ni la histamini, ambalo lazima liiumue. Baada ya dakika 15 hadi 20 tunapima uvimbe kwa rula. Ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, jibu ni chanya. Histamini isipoumua ngozi, kipimo chote hakifai kusomwa.

Na sababu kubwa ya histamini kutoumua ngozi ni Piriton. Dawa hii, setirizini na nyingine za jamii yake huzuia kazi ya histamini, kwa hiyo huacha kutumika siku 5 hadi 7 kabla ya kipimo, kwa maelekezo ya daktari. Watu wengi husitisha vidonge wakasahau kwamba dawa nyingi za mafua na za maji za kikohozi zinazouzwa katika maduka ya dawa zina kiungo hichohicho. Soma boksi, au lilete tulisome. Dawa ya pumu ya kuvuta usiiache kamwe kwa ajili ya kipimo hiki.

Kwa samaki wetu kuna utaratibu wa ziada. Dondoo za samaki, yaani maji ya matone ya kipimo, zinazotoka viwandani nyingi ni za samaki wa baharini wa kaskazini, ambao si sangara wala sato. Kwa hiyo huwa tunamwomba mgonjwa alete kipande cha samaki aliyemletea shida; ncha inachomwa kwenye mnofu, kisha kwenye ngozi. Usijaribu hili nyumbani. Linafanyika mahali palipo na adrenalini, dawa ya dharura ya aleji, na mtu anayejua kuitumia, sawa na kipimo kinachotoa jibu la uhakika kuliko vyote, yaani kumlisha mgonjwa chakula chenyewe kwa kiasi kidogo kinachoongezwa polepole huku akiangaliwa.

Hapa nataka kuzungumza na kina mama kuhusu unga wa lishe. Mchanganyiko unaouzwa sokoni mara nyingi una mahindi, ulezi, soya na karanga, na wengine wanatia dagaa waliosagwa. Mtoto akiumuka baada ya uji, familia hulaumu maziwa waliyomtilia, au maji, au meno. Tafadhali muulize muuzaji ametia nini, na siku za mwanzo mpe mtoto nafaka moja moja. Uji wenye vitu sita ukileta shida, hata daktari bingwa hawezi kukuambia ni kipi bila kuanza kuvitenganisha.

Si kila muwasho ni aleji ya chakula au dawa. Mtu aliyeoga ziwani akawashwa muda mfupi baadaye anaweza kuwa ameingiliwa na viluwiluwi vya kichocho kupitia ngozi. Mgeni aliyehamia ziwani, labda mwalimu au muuguzi aliyepangiwa kisiwani, anaweza wiki kadhaa baada ya kuoga kupata homa, kikohozi na mwili kuumuka, akatibiwa aleji mwezi mzima kumbe ni kichocho kichanga. Vivyo hivyo wazee wengi wanasema wana aleji na klorokwini. Muwasho ule ulikuwa wa kweli na ulikuwa mateso, lakini ulitokana na dawa yenyewe kuchochea neva za muwasho, haukupitia IgE. Nchi iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001.

Salfa ni jambo jingine, zito zaidi. Aliyewahi kutumia SP (dawa ya malaria) au septrini akapata vidonda mdomoni, macho kuwa mekundu na ngozi kubabuka, asirudie dawa za jamii hiyo, na asikubali kujaribiwa. Hakuna tone la ngozi litakalomhakikishia usalama. Penisilini ni kinyume chake: katika nchi ambako watu wanaojiita wana aleji nayo wamepimwa kwa utaratibu, takribani 9 kati ya 10 hukutwa hawana. Wengi walipata vipele utotoni vilivyoletwa na virusi wakati wanameza dawa. Kubaki na jina hilo bure kunamnyima mgonjwa dawa nzuri na ya bei nafuu, kwa hiyo inafaa kuulizia.

Piko na hina nyeusi, rangi za nywele, hereni za bei rahisi na saruji huleta aleji ya kugusa, ambayo huchelewa kwa siku moja au zaidi na haionekani kwenye tone wala kwenye damu. Kipimo chake ni plasta zinazobandikwa mgongoni kwa saa 48, kisha ngozi inasomwa zinapotolewa na tena siku moja au mbili baadaye. Bibi harusi aliyewahi kuchubuka kwa piko asiipake tena, hata kidogo.

Kuhusu mashine za kushika mkononi zinazodai kupima mwili mzima kwa dakika moja na kutoa orodha ya vyakula usivyotakiwa kula: hazipimi aleji. Vipimo vya IgG (kingamwili ya aina nyingine) vya vyakula navyo havifai kwa kazi hii. IgG ya chakula inaonyesha tu kwamba umekila.

Mtu akiumuka huku sauti inakwaruza, anapumua kwa shida, anatapika mfululizo au anaishiwa nguvu, hiyo ni dharura. Mlaze na umwinue miguu. Akipumua kwa shida mwache akae, asisimame wala kutembea. Dawa yake ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja upande wa nje, mapema iwezekanavyo. Piriton peke yake haimwokoi. Mlioko visiwani msisubiri kivuko cha kwenda Mwanza. Mpelekeni zahanati ya karibu kwanza, achomwe, kisha safari ifuate. Hata akipata nafuu abaki chini ya uangalizi, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Watoto wengi wenye aleji ya maziwa au mayai huipoteza wanapokua, tofauti na ya samaki na karanga ambayo mara nyingi hudumu. Kwa hiyo mtoto aliyekatazwa maziwa akiwa na miezi minane arudishwe kliniki kila mwaka, tumwangalie upya kama bado anahitaji katazo hilo.