Kiunzi cha mfupa chenye dawa: kiyeyuke kwa kasi gani?

Muundi ukivunjika na kutoboa ngozi, kama inavyotokea sana kwenye ajali za bodaboda, bakteria wakiingia huweza kuacha kipande cha mfupa kilichokufa. Kipande hicho hakipitiwi na damu, kwa hiyo antibiotiki ya sindano haikifikii hata mgonjwa achomwe wiki sita. Daktari hana budi kukitoa chote. Linalobaki ni shimo, nalo hujaa damu iliyoganda, chakula kizuri cha bakteria.

Kwa miaka mingi shimo hilo limejazwa shanga za saruji ya mfupa, aina ya plastiki ngumu, zenye antibiotiki iitwayo jentamaisini. Zinasaidia, ila haziyeyuki. Dawa nyingi hutoka siku za mwanzo, kisha hudondoka kidogo kidogo chini ya kiwango cha kuua, hali inayowazoesha bakteria dawa. Halafu mgonjwa hupasuliwa tena kuzitoa.

Kiunzi mchanganyiko, yaani kijazio cha vitu zaidi ya kimoja ambacho mfupa huota juu yake, hukwepa upasuaji huo wa pili. Unga wa aina moja inayotumika hospitalini una asilimia 60 ya salfeti ya kalsiamu, jamaa ya jipsamu ya dari, na asilimia 40 ya haidroksiapataiti, madini yanayofanana na ya mfupa. Kila mililita ya uji wake hubeba miligramu 17.5 za jentamaisini. Jipsamu huyeyuka ndani ya wiki kadhaa ikiachia dawa. Ingekuwa peke yake, ingeisha kabla mfupa haujaota. Haidroksiapataiti hubaki muda mrefu, seli zikiishika na kujenga juu yake.

Maabara nyingi hujaribu pia plastiki inayooza mwilini, PLGA. Huyeyushwa, huchanganywa na unga wa haidroksiapataiti na chembe za chumvi za mikromita 300 hivi (mikromita 1,000 ni milimita moja), hukaushwa, kisha chumvi huoshwa kwa maji ili yabaki matundu. Yakiwa chini ya mikromita 100, mishipa ya damu hupenya kwa shida. Kosa la kawaida ni kutia dawa mapema: inaondoka na maji ya kuoshea. Heri itiwe mwishoni.

Matundu hayo hayo hupunguza nguvu, hivyo vyuma vya kushikilia mfupa haviondolewi mapema.

Baada ya upasuaji wa kiunzi chenye jipsamu, jeraha linaweza kutoa majimaji meupe kwa wiki kadhaa. Mara nyingi ni jipsamu inayoyeyuka, si usaha. Mwoneshe daktari hata hivyo, na pakiwa na homa, harufu au wekundu unaoenea, nenda siku hiyo hiyo.