Mkufunzi wa wafanyakazi: kazi yenyewe ni ipi, na mtu huingiaje?

Mkufunzi wa wafanyakazi ni mtu anayelipwa ili walio kazini tayari waifanye kazi yao vizuri zaidi, kwa usalama zaidi, au waweze kazi ambayo jana hawakuiweza. Wanafunzi wake hawangoji mtihani wala mahafali. Wana zamu, wana supavaiza anayehesabu dakika walizokuwa mbali na mashine, na baadhi yao wameifanya kazi hiyo miaka mingi kumshinda yeye aliyekuja kuwafunza. Wakufunzi wengine wameajiriwa na kampuni, wengine hujitegemea na kuitwa kwa siku. Wapo pia wengi wasio na cheo hicho hata kidogo: ni yule fundi wa siku zote ambaye kila kibarua mpya akifika, anaambiwa akae naye.

Tuseme shamba la maua kule Naivasha limerudishiwa mzigo kwa sababu mawaridi ya sentimita 50 yamechanganywa na ya 60. Meneja anapiga simu: wanaopanga maua wafunzwe, kesho ikiwezekana. Mkufunzi mchanga hufurahi, akafungua kompyuta na kuanza kutengeneza slaidi. Aliyekomaa huomba koti na gamboti, akaenda kusimama kando ya meza ya kupangia maua asubuhi nzima. Huko anagundua kwamba akina mama wale wanaujua urefu wa ua kuliko meneja mwenyewe. Alama za sentimita kwenye ubao ndizo zimefutika kwa maji na mikwaruzo, kila mmoja anakisia kivyake. Dawa yake ni rangi na brashi. Semina ya siku mbili ingekula pesa, na mawaridi yangeendelea kurudi.

Hatua hiyo huitwa uchambuzi wa mahitaji ya mafunzo, na kwa maoni yangu ndiyo nusu ya taaluma nzima. Mtu hukosea kazini kwa sababu nyingi: hajui, hana kifaa, hakuambiwa kinachotakiwa, zamu imemchosha, au namna anavyolipwa inamsukuma aharakishe. Mafunzo hutibu ile ya kwanza, na kwa kiasi fulani ile ya tatu. Hizo nyingine ni za meneja. Kumwambia hivyo usoni si rahisi, hasa kwa mkufunzi anayelipwa kwa siku.

Kufundisha kwenyewe kuna njia ya zamani ambayo bado haijapitwa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mafundi wa viwanda vya Marekani walienda jeshini na nafasi zao zikachukuliwa na watu ambao hawajawahi kugusa mashine. Serikali ikaendesha mpango, hadi 1945, wa kuwafunza wasimamizi jinsi ya kufundisha kwa hatua nne: mtayarishe mtu, mwonyeshe, mwache ajaribu, kisha umfuatilie. Walikuwa na msemo kwamba mfanyakazi asipojifunza, basi mwalimu hajafundisha.

Zipeleke hatua hizo kwenye kiwanda cha samaki Kisumu. Mkufunzi anaanza kwa kumuuliza mgeni kama amewahi kushika kisu cha samaki. Huenda amepasua samaki nyumbani tangu utotoni, na hapo si lazima aanzishwe mwanzo kabisa. Anampasua mbuta mmoja kwa mwendo wa kawaida. Wa pili anampasua polepole, akitaja kila hatua na sababu yake: kisu kilale juu ya mfupa, kisiinuke, maana nyama inayobaki mfupani ni hasara ya kiwanda. (Akina mama wa mtaa wa Obunga hapo Kisumu, wanaouza mifupa hiyo ya samaki iitwayo mgongo wazi, sidhani wana malalamiko juu ya kosa hilo.) Wa tatu anapasuliwa na mgeni, tena mgeni ndiye anayeeleza anachofanya na kwa nini. Usiruke hapo pa kueleza. Mkono huweza kuiga kitu ambacho kichwa hakijakielewa, na siku kisu kitakapokuwa butu au samaki atakapokuja mdogo, aliyeiga tu atakwama. Baada ya hapo mkufunzi hurudi kumwangalia: saa moja baadaye, kesho yake, wiki inayofuata.

Huko kurudi ndiko wengi hukuacha. Mwaka wa 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kuandika kuhusu ngazi nne za kupima mafunzo: je, watu waliyapenda, walijifunza kitu, wamebadilika kazini, na kampuni imefaidika? Fomu zinazojazwa mwisho wa semina, watu wakiwa na chai mkononi, hupima ngazi ya kwanza tu. Nazo husifu chai pia.

Pesa za kazi hii zipo. Mwajiri wa Kenya hulipa ada ya mafunzo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na ada hiyo husimamiwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, yenye kituo Kisumu. Mwajiri anayewapeleka watu wake mafunzoni anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama, mradi ameomba idhini mapema na mkufunzi awe amesajiliwa na NITA. Kwa anayejitegemea, usajili huo humfungulia milango kuliko kadi ya jina iliyonakshiwa. Kuna pia kazi inayoletwa na sheria: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri awape wafanyakazi maelekezo na mafunzo, na mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama.

Mlango wa kuingilia? Wengine hupitia diploma au digrii ya usimamizi wa rasilimali watu. Mimi ningemshauri kijana awe na ufundi wake kwanza, hata kama aliupata jua kali, kisha aende NITA afanyiwe majaribio ya gredi, yaani ya kupima ufundi wake, apate cheti. Watu wa kiwandani humpima mkufunzi kwa mikono yake kabla ya kusikiliza mdomo wake. Halafu aanzie pale pale alipo: amwombe supavaiza ampe mgeni mmoja wa kumfunza, aandike hatua za kazi hiyo kwenye ukurasa mmoja, abandike karibu na mashine, na aweke hesabu ya mali iliyoharibika kabla na baada. Akiitwa mahojiano ya kazi ya ukufunzi, aingie na ukurasa huo pamoja na hesabu hiyo.