Jani lililopanda shina: kuitambua Fissidens

Picha zinazonifikia kwenye WhatsApp hufanana: ukuta wa nyuma ya nyumba, kijani kimetanda, na swali lile lile, "Hii ni aina gani?" Mara nyingi sina jibu. Wiki iliyopita msomaji mmoja aliyekuwa akitembea Karura ule msitu wa Nairobi, alinitumia picha ya kingo ya udongo mwekundu, pale njia inaposhuka kuelekea mtoni. Alikuwa ameipiga kwa karibu sana hata vimmea vikaonekana kimoja kimoja, na safari hii nilijibu kabla chai haijapoa: hiyo ni Fissidens. Akauliza, Fissidens gani? Hapo ndipo chai ilipopoa.

Fissidens ni jenasi, yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu, katika mimea ambayo Waingereza huiita moss. Kwanza neno la mimea hiyo. Wapo wanaoiita kuvumwani. Mimi jina hilo nawaachia wale kuvu na mwani wanaoishi pamoja, vile viraka vya kijivu unavyoviona kwenye magome ya miti. Hapa nitaandika mosi, kama wengi wetu tunavyotamka, na usiichanganye na ile ya mosi na pili. Wala si ukungu, jamani. Mosi ni mmea kamili. Ina shina na majani, ila haina mizizi ya kweli, vijinyuzi tu vya kujishikiza. Jani lake kwa kawaida lina unene wa seli moja, kwa hiyo hunywa maji kwa mwili wake wote na hukauka kwa mwili wake wote. Januari utaikuta imejikunja, ya kahawia. Mvua ya kwanza ikinyesha, kwa dakika chache tu imenyooka tena.

Duniani kuna takriban aina 12,000 za mosi, na nyingi kwa macho matupu ni kijani tu. Fissidens ni tofauti. Majani yake yamepangwa safu mbili, kushoto na kulia, kila kimmea kikilala bapa kama unyoya mdogo wa kuku au kama kangaga aliyesinyaa. Linganisha na Bryum argenteum, ile ya rangi ya fedha inayoota kwenye nyufa za saruji katikati ya jiji: majani yake yanazunguka shina pande zote na kulifunika kama vigae. Sababu ya tofauti hii iko kwenye ncha ya shina. Kule juu kabisa kuna seli moja inayozaa nyingine zote. Katika mosi nyingi seli hiyo ina nyuso tatu za kukatia, hivyo majani hutoka kwa kuzunguka. Katika Fissidens iliyokomaa zimebaki mbili. Inakata huku, inakata kule, basi.

Lakini safu mbili peke yake hazitoshi, kwa kuwa zipo mosi nyingine zinazolala bapa hivyo hivyo. Ushahidi ni jani lenyewe, na hapa naomba utulie, maana ndipo utamu ulipo.

Jani la kawaida, tuseme la mchicha, hutazama shina kwa uso wake wa juu. La Fissidens limesimama kwa ubavu. Na nusu yake ya chini, upande wa shina, imefunguka ikawa mbawa mbili zinazolikumbatia shina pamoja na tako la jani linalofuata juu yake, mfano wa mtu aliyepanda punda, mguu mmoja huku na mwingine kule. Ukichomoa jani moja kwa kibano kikali na kulitia chini ya hadubini, utauona wazi kabisa mfuko unaofanywa na mbawa hizo. Nyuma ya mshipa wa kati kuna bawa jingine, la mgongoni, linaloshuka kuelekea chini, na juu ya mfuko kuna sehemu bapa inayofika nchani. Hakuna mosi nyingine yenye jani la namna hii. Ukiuona mfuko, umemaliza kazi ya jenasi.

Sasa, katika vipande hivyo vyote, jani la kweli ni lipi? Wataalamu walibishana kwa muda mrefu. Robert Brown, yule Mskoti ambaye wanafunzi wa fizikia wanamjua kwa chembe zinazotikisika majini, alisema kwamba mfuko ndio jani halisi, na bawa la mgongoni pamoja na ile sehemu ya juu ni nyongeza zilizochipuka baadaye kwenye mshipa. Mimi nakubaliana naye, na majani ya chini kabisa ya shina yananishawishi kuliko hoja yoyote ya kitabuni: mara nyingi ni mfuko mtupu, nyongeza hazipo au zimeanza tu kujitokeza.

Jina Fissidens halikutokana na jani. Johann Hedwig, daktari wa Leipzig aliyekuwa akitazama mosi kwa hadubini, aliunganisha maneno ya Kilatini ya kupasuka na jino. Mosi haizai mbegu, huzaa spora ndani ya kapsuli iliyosimama juu ya kijiti chembamba. Kifuniko cha kapsuli kikidondoka, mdomo unabaki umezungukwa na meno 16, mekundu, na katika Fissidens kila jino limepasuka katikati likawa na ncha mbili. Meno hayo hujikunja na kujikunjua hewa inapobadilika unyevu, na spora hutoka kidogo kidogo. Hedwig alifariki mwaka 1799, na kitabu chake kikuu kikatoka mwaka 1801. Majina ya karibu mosi zote huhesabiwa kuanzia hapo. Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha mtindo wa kuipa mimea majina mawili ya Kilatini, alikuwa amezitaja baadhi ya Fissidens mapema zaidi, mwaka 1753, lakini alizitia ndani ya Hypnum, gunia alilotumbukiza mosi nyingi zisizohusiana.

Leo Fissidens ni jenasi pekee katika familia ya Fissidentaceae, yenye aina takriban 440. Zamani vikundi kama Octodiceras, ambavyo huishi majini na vina majani marefu membamba, vilisimama peke yake. Sasa vimerudishwa nyumbani. Mwaka 2004 wataalamu wa mosi Pursell na Bruggeman-Nannenga waliipanga upya jenasi hii kwa kutazama mambo ambayo simu yako haitayaona kamwe: mpangilio wa seli ndani ya mshipa wa jani, namna meno yalivyojengwa, hata idadi ya safu za seli kwenye ukuta wa kapsuli. Vipimo vya DNA vilivyofuata vimeitikisa baadhi ya mipaka yao. Sishangai. Mimea midogo hivi hupoteza viungo kwa urahisi, na viwili visivyo na undugu wa karibu vinaweza kufanana kwa sababu tu vyote vimepungukiwa.

Kwa aina yenyewe, mimi huanza na pindo. Baadhi ya Fissidens zina ukingo wa seli ndefu nyembamba zisizo na kijani, unaozunguka jani kama pindo la kanga linavyozunguka mji. Nyingine hazina kabisa. Fissidens asplenioides, inayopatikana sehemu nyingi za tropiki, haina, na majani yake yakikauka hujisokota ncha. Nyingine zinalo kwenye mfuko tu, na hizo ndizo zilizonitia aibu. Miaka ya mwanzo niliandika kwenye bahasha ya sampuli kwamba mimea yote iliyomo haina pindo, kwa kuwa nilitazama ncha za majani peke yake. Mwenzangu aliyeifungua baadaye hakusema neno. Alinisogezea hadubini tu.

Baada ya pindo nauliza: seli ni laini au zina vinundu? Mshipa unafika nchani au unaishia njiani? Kijiti cha kapsuli kimetoka kileleni mwa shina au ubavuni? Bila kapsuli, mara nyingi nusu ya maswali hubaki hewani.

Jumamosi nilikwenda mwenyewe kwenye ile kingo. Nilichukua kipande cha ukubwa wa kucha ya dole gumba, nikakifunga kwenye karatasi. Mfuko wa plastiki haufai, utavundisha. Mosi haihitaji kubanwa kama maua, inakauka yenyewe kivulini. Nyumbani niliidondoshea tone la maji, nikaona mfuko na pindo jembamba kwenye mfuko huo tu, mengineyo laini. Kapsuli hata moja sikuiona. Kwenye bahasha nimeandika Fissidens, udongo mwekundu, kivuli, Karura, na tarehe, nikaacha nafasi tupu mbele ya jina. Nitarudi pale mvua za vuli zikishakolea.