Skrubu ya digrii 82 ndani ya tundu la digrii 90

Mteja mmoja, mwenye mashine ya kukata donge la mkate, alinirudia karakanani Kariobangi amekunja uso. "Fundi, hizi skrubu nakaza Jumatatu, ikifika Ijumaa zinacheza." Skrubu hazikuwa zangu, zilikuja na mashine kutoka Marekani. Matundu ya kile kifuniko cha stenlesi ndiyo yaliyokuwa yangu, na kosa lilikuwa hapo.

Skrubu ya kichwa bapa huzama kwenye mdomo wa tundu uliotanuliwa kwa umbo la koni. Koni hiyo si moja duniani kote. Skrubu za milimita, hizi M5, M6 na M8 (namba ni unene wa skrubu kwa milimita) tunazonunua Industrial Area, zina pembe ya digrii 90. Za Marekani zinazopimwa kwa inchi ni 82. Kwenye mabati ya ndege utakutana na 100. Digrii nane hazionekani kwa macho, nami nilitanua kwa kauntasinki, ile ncha ya koni ya kutanulia mdomo wa tundu, iliyokuwa tayari kwenye drili, ya 90 kama zangu zote. Koni ya tundu ikawa wazi kuliko ya skrubu. Kichwa kikakalia duara jembamba huko chini karibu na shingo, ukingo wa juu ukabaki haugusi kitu. Mashine ikitetemeka, duara lile linalika na skrubu inalegea.

Siku hizi napaka kichwa cha skrubu wino wa maka peni, naizungusha mara moja tunduni, naitoa. Wino ukifutika pande zote, pembe zinalingana. Ukifutika chini tu, tundu limezidi kuwa wazi. Ukifutika ukingoni juu, limebana.

Halafu kuna ule mlio. Ukipita nje ya karakana ukasikia drili ikipiga kelele kama mbuzi, jua kuna mdomo wa tundu unatoka na mawimbi badala ya kuwa laini. Mara nyingi ni mwendo wa kasi mno. Keekee ya milimita 6.6, ya kutoboa tundu la M6, naizungusha kama mara 1,200 kwa dakika kwenye chuma laini. Kauntasinki naishusha hadi 250 hivi, na nafunga kazi kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, si kuishika kwa mkono. Tatizo ni uvivu tu: nani anataka kuhamisha mkanda wa puli ili kubadili mwendo akiwa na matundu 40 ya kumaliza kabla ya saa kumi? Kwa stenlesi, kandamiza kwa uthabiti. Ukiipapasapapasa inazidi kuwa ngumu na kumaliza makali.

Kipimo nakichukua mdomoni kwa venia, kifaa cha kupimia kipenyo, sikisii kina. Kwa digrii 90, kila milimita 0.1 unayoshuka inatanua mdomo kwa 0.2. Kichwa cha M6 kina kipenyo cha milimita 12, kwa hiyo mdomo wa 12.4 unakizamisha 0.2 chini ya uso.

Bati la milimita 2 nalikataa kabisa kwa M6. Mdomo ukifika 12 juu, chini tundu limeshakuwa 8, na kichwa kinatokeza kwa chini na kukalia chuma cha pili kilicho chini ya bati kabla hakijalibana bati lenyewe. Hapo namwambia mteja atumie skrubu ndogo zaidi, au alete bati nene.