Boila ya makaa ya mawe: taima haikosei kila mara

Kaskazini-mashariki mwa Pennsylvania, Marekani, kaunti za Schuylkill na Luzerne, bado zipo nyumba zinazopashwa joto kwa anthrasaiti, makaa ya mawe magumu yanayong'aa kama kioo. Boila hukaa besimenti. Mota inasukuma makaa kidogo kidogo kwenye wavu, feni inapuliza kutoka chini, pampu inapeleka maji moto kwenye redieta. Makaa yenyewe ni ya saizi inayoitwa "mchele", ingawa punje zake zinaushinda mchele wowote wa Kyela kwa unene.

Vidhibiti ni vitatu. Themostati iko ukutani sebuleni na huita joto nyumba ikipoa, akwastati iko kwenye boila na inaangalia joto la maji, kisha kuna taima. Kimoja kikileta shida, mara nyingi lawama humwendea mwenzake.

Dhana: taima inapanga saa za nyumba kupata joto.

Hii ndiyo inayowasumbua wengi, hasa sisi tuliozoea taima ya oveni. Taima ya boila hii haijui usiku wala mchana. Kazi yake ni kuulinda moto usife. Nyumba isipohitaji joto, mota husimama, na anthrasaiti isiyopulizwa wala kuongezewa makaa hufifia hadi ikazimika. Ndiyo maana taima huamsha mota na feni kwa dakika chache, tuseme kila nusu saa, hata kama hakuna aliyeomba joto.

Kwa hiyo uliza kwanza moto unazimika lini. Ukizimika Oktoba au Aprili, siku za joto la wastani, mpangilio wa taima ni mdogo mno. Ongeza dakika moja, halafu subiri siku nzima kabla ya kuigusa tena. Ukizimika Januari, iache taima. Kwenye baridi kali themostati yenyewe huita joto mara kwa mara, kwa hiyo kagua makaa yaliyokwama, mota, au feni iliyojaa vumbi.

Kuzidisha nako kuna shida yake. Kutegemea nyaya zilivyofungwa, taima inaweza kuendelea kulisha moto hata maji yakiwa yameshafika kikomo cha akwastati, na watu wakaishia kufungua madirisha huku makaa yanateketea. Ushahidi uko mwisho wa wavu. Pale panatakiwa paonekane ukanda wa majivu yaliyokwisha kuungua. Makaa mekundu yakidondoka kwenye trei, unalisha kupita kiasi. Majivu yakitanda karibu wavu wote na moto ukabaki ukanda mwembamba, unaunyima. Na usiuchokoe kwa chuma kama jiko la mkaa. Anthrasaiti haipendi kusumbuliwa.

Dhana: ukipandisha themostati hadi mwisho, nyumba hupata joto haraka.

Hapana. Themostati ya kawaida ni swichi tu: inaita au inanyamaza.

Dhana: nyumba ikiwa baridi, pandisha akwastati.

Mpangilio wa kawaida ni nyuzi 160 za Farenhaiti kwa kikomo cha chini na 180 kwa cha juu, yaani takribani 71 na 82 za Selsiasi. Kabla hujazungusha chochote, soma kipimajoto cha boila. Maji yakiwa moto huku redieta ni baridi, shida ni pampu au hewa iliyonaswa kwenye mabomba. Moto ukiwaka vizuri lakini maji hayapandi, huenda jivu jepesi limefunika kuta za ndani za boila. Kipimajoto kikionyesha joto kubwa kuliko kikomo ulichoweka, zima umeme kisha tazama kama kitambuzi cha akwastati kimechomoka kwenye tundu lake. Kikikaa hewani kinadhani maji ni baridi, na moto unaendelea kuchochewa.

Usisogeze vikomo viwili vikakaribiana. Akwastati nyingi hutaka pengo la nyuzi 20 za Farenhaiti au zaidi. Na valvu ya usalama, ambayo kwa boila za nyumbani hufunguka shinikizo la maji likifika psi 30, ikianza kudondosha maji, itafutiwe fundi. Nimewahi kukuta ya mtu imezibwa kwa plagi. Sikukaa mle kumaliza chai.

Dhana: hakuna moshi, basi hakuna hatari.

Anthrasaiti karibu haina moshi, na miali yake mifupi ya bluu ni kaboni monoksidi, gesi ya sumu, inayoungua. Isipoungua yote haina harufu. Hatari huongezeka hasa pale moto unapotegemea taima peke yake: dohani imepoa, mvuto wake ni dhaifu, na jivu likiwa limejaa kwenye bomba la moshi gesi hurudi ndani. King'ora cha kaboni monoksidi kikilia usiende besimenti kukagua taima. Toeni watu wote nje, kisha pigeni 911.