Kwa nini huzuni ya ugenini huchelewa kufika?

Je, wajua kwamba machozi ya mhamiaji mara nyingi hayamtoki uwanja wa ndege wala juma la kwanza, bali mwezi wa nne, wa sita au hata wa kumi, wakati nyumba imekwisha kupatikana, watoto wameandikishwa shule na jamaa waliobaki nyumbani wanaamini kwamba taabu imekwisha? Kuchelewa huko huwafanya wengi wajilaumu. Hujiuliza wamepungukiwa na nini hata wakose raha, na wengine huambiwa waziwazi kwamba hawana shukrani. Lawama hiyo haina msingi, kwa kuwa huzuni hii ina sababu zake, na nyingi kati ya hizo huhitaji muda kabla ya kujitokeza.

Mwaka 1955 mwanasosholojia wa Norway, Sverre Lysgaard, alichapisha matokeo ya mahojiano na raia 200 wa nchi yake waliokuwa wamekwenda Marekani kwa Fulbright, ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani. Waliokaa huko kati ya miezi 6 na 18 walionekana kuzoea kwa shida zaidi kuliko waliokaa muda mfupi au mrefu kuliko huo. Tukumbuke kwamba hao walikuwa wasomi, walilipiwa gharama, na walijua kwamba wangerudi kwao. Hata hivyo, hakuna kalenda moja kwa watu wote: utafiti wa Colleen Ward na wenzake uliochapishwa mwaka 1998, kuhusu wanafunzi wa Kijapani nchini New Zealand, ulikuta dhiki ikiwa kubwa zaidi mara tu walipofika. Kwa hiyo sidai kwamba kila mhamiaji atashuka moyo mwezi fulani, bali nasema kwamba anayeshuka baadaye hana jambo la ajabu.

Sababu ya kwanza wahenga waliigusa waliposema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Chukua familia ya Kikongo iliyoishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, kisha ikapelekwa Marekani. Kwa miaka mingi mpango wa mapokezi wa nchi hiyo ulihesabiwa kwa siku 90: katika siku hizo shirika la mapokezi liliwatafutia wageni nyumba, likawapeleka kwa daktari, likawasaidia kupata karatasi za kazi na kuwaandikisha watoto shule. Kila siku ilikuwa na shughuli yake na mtu wa kuuliza, kwa hiyo moyo haukupata nafasi ya kujisikiliza. Baadaye msaada ulipungua, malipo ya mkopo wa nauli uliotolewa kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji yakaanza, na mzazi mmoja akaanza zamu ya usiku kiwandani huku mwingine akirudi kutoka zamu ya mchana. Jembe lilikuwa limekabidhiwa, na ndipo mtu alipotambua kwamba hapa si matembezi, ni makazi.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi, na kwangu ndiyo yenye uzito. Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Kanada ambaye katika miaka ya 1930 alifanya utafiti katika ufalme wa Ankole nchini Uganda, ndiye aliyelieneza wazo la mshtuko wa utamaduni kwa hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro mwaka 1954. Alieleza kwamba mshtuko huo hutokana na wasiwasi wa kupotelewa na ishara zote ndogo zinazotuongoza tunapokutana na watu, kama vile wakati wa kupeana mikono, au wakati wa kukubali mwaliko na wakati wa kuukataa. Ishara hizo tumezinyonya tangu utotoni, na hatuzifikirii hata kidogo mpaka siku zinapokosekana.

Kwa msemaji wa Kiswahili ishara hizo ni nyingi na zina thamani kubwa. Mtu aliyezoea kupiga hodi na kuitikiwa karibu anahamia jengo ambamo hata jirani wa mlango wa pili hatembelewi bila miadi. Mzee aliyepewa shikamoo na kila mtoto wa mtaa anapita katikati ya vijana wasioinua macho, si kwa kumdharau, bali kwa sababu kwao kumwacha mtu na shughuli zake ndiyo heshima. Mwanamke ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Neema anasikia karani akitaja jina la ukoo lililoandikwa kwenye fomu, kwa matamshi ambayo yeye mwenyewe hayatambui, na zamu yake inapita. Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililo kubwa kiasi cha kusimuliwa kwa simu. Lakini kila tendo ambalo zamani mwili ulilifanya wenyewe, kama kusalimia, kununua mboga au kupanda basi, sasa linataka kufikiriwa kwanza, na uchovu wa kufikiri hivyo kutwa nzima hujilimbikiza kidogo kidogo, ndiyo maana hauonekani mapema.

Kuna pia jua. Saa ya Kiswahili imejengwa juu ya macheo na machweo: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza, na hesabu hiyo inafaa Dar es Salaam, ambako tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa nzima. London, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Aliyefika huko Juni hajui kinachomsubiri. Norman Rosenthal, daktari wa akili aliyehama kutoka Afrika Kusini kwenda Marekani mwaka 1976, aliona nguvu zake zikipungua kila majira ya baridi, na mwaka 1984 yeye na wenzake wakaieleza kitaalamu sonona inayokuja na majira, pamoja na tiba yake ya mwanga mkali. Inanigusa kwamba ugonjwa huo ulielezwa na mhamiaji.

Mzigo wa mwisho ni simu. Nyumbani wanaamini kwamba umefika, kwa hiyo unatuma picha ya theluji na fedha za karo, lakini usiku wa kulia hautumi. Kimya hicho kinatokana na upendo, ila humwacha mtu bila msikilizaji hata mmoja anayeelewa lugha yake.

Nafuu haiji kwa kusahau kwao. Mwanasaikolojia John Berry, aliyechunguza kwa miaka mingi namna wahamiaji wanavyoishi kati ya tamaduni mbili, alikuta kwamba wanaoshika utamaduni wao na wakati huohuo kushiriki maisha ya wenyeji kwa kawaida huwa na hali bora kuliko wanaoachia kimoja au vyote viwili. Kwaya ya Jumapili, darsa la msikitini, darasa la lugha, na muuza duka mmoja anayekujua kwa jina: kwa vitu vya aina hiyo ishara mpya huanza kuingia mwilini, na siku moja mtu anajikuta amepanda basi bila kufikiri.

Lakini huzuni isiyopungua kwa zaidi ya majuma mawili, inayoondoa usingizi na hamu ya kula au kuleta fikra za kujidhuru, inahitaji daktari, na mwenye fikra hizo asisubiri hata siku moja. Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kumpa mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani bila malipo, na ni vyema kumwomba badala ya kumtumia mtoto. Hapo pana mtego mmoja wa lugha. Sisi tukisema “nina mawazo”, kila mtu nyumbani anaelewa kwamba moyo umelemewa, lakini maneno hayo yakitafsiriwa neno kwa neno, daktari husikia tu kwamba mgonjwa anafikiri, na huenda akaendelea na swali lingine. Mweleze ni siku ngapi hukulala usiku, ni mara ngapi ulilia juma hili, na tangu lini chakula kimekosa ladha.