Kiebrania na Kiuyghur: irabu zina kazi gani?

Lugha hizi mbili huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na anayeziona mara ya kwanza hudhani ni ndugu. Si ndugu. Kiebrania ni lugha ya Kisemiti, ukoo mmoja na Kiarabu, Kiaramu na Kiamhari. Kiuyghur ni lugha ya jamii ya Kituruki, jirani wa karibu wa Kiuzbeki. Wasemaji wake wengi wako Xinjiang, kaskazini-magharibi mwa China, na wengine wako Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uzbekistan. Ukitaka kuelewa zinapotofautiana, anza na irabu, kwa maana mengi mengine yanatokana na hapo.

Katika Kiebrania, maana ya msingi hubebwa na konsonanti, kwa kawaida tatu. Mzizi k-t-v unahusu kuandika. Konsonanti hizo hubaki kwa mpangilio uleule, irabu hupachikwa katikati yake, na mara nyingine kiambishi huongezwa mbele au nyuma: katav ni "aliandika", kotev "anaandika", nikhtav "iliandikwa", mikhtav "barua", ktovet "anwani". (Hiyo kh ni herufi ileile kaf, hulainika baada ya irabu.) Kwa vitenzi kuna violezo saba, viitwavyo binyanim. Wanafunzi wengi hukosea hapa: wanadhani kila mzizi unaingia katika violezo vyote saba, wanaunda vitenzi visivyosemwa na mtu yeyote. Mizizi mingi huingia katika vichache tu, kwa hiyo kitenzi kisomwe pamoja na kiolezo chake tangu siku ya kwanza.

Msomaji wa Kiswahili anaujua mzizi huo kwa njia ya Kiarabu: kitabu, katibu, maktaba. Kiuyghur nacho kina kitab, na mektep, yaani shule. Lakini Kiswahili na Kiuyghur vimekopa maneno mazima bila kukopa utaratibu unaoyazalisha. Ukilipata neno jipya la Kiebrania lenye k-t-v, unaweza kukisia maana. Ukijua kitab ya Kiuyghur, haikufungulii neno la pili. Kwenye namba udugu huo wa Kisemiti unaonekana wazi zaidi. Saba, tisa, arobaini na hamsini, ambazo sisi tulizitoa kwa Waarabu, kwa Kiebrania ni sheva, tesha, arba'im na hamishim. Kwa Kiuyghur ni yette, toqquz, qiriq na ellik.

Kiuyghur kinaunda maneno kwa viambishi vinavyopangwa nyuma ya shina, kimoja baada ya kingine. Öy ni nyumba, öyler ni nyumba nyingi, öylirimiz ni nyumba zetu, öylirimizde ni "katika nyumba zetu". Yazdim ni "niliandika". Yazmidim ni "sikuandika", na ukanusho umekaa katikati ya shina na kiambishi cha wakati. Anayesema "sikuandika" ameshazoea kazi ya aina hii, ila sisi tunapachika mbele na nyuma, wao nyuma tu.

Kuna sheria mbili zinazomsumbua mgeni. Ya kwanza ni upatanifu wa irabu: kiambishi hufuata irabu za shina, ndiyo maana tunapata kitablar lakini öyler. Ya pili ni kwamba a au e ya silabi wazi (inayoishia kwa irabu) hudhoofika na kuwa i pindi neno linaporefuka: bala (mtoto), balilar (watoto). Ukitafuta "bali" katika kamusi hutampata mtoto wako; rudisha i kuwa a kwanza.

Sasa tazama mwandiko. Kiebrania kina herufi 22, zote za konsonanti. Alama za irabu, niqqud, zilikamilishwa na wanazuoni wa mji wa Tiberias, Galilaya, katika karne kadhaa kabla ya mwaka 1000, na leo hutumika zaidi katika Biblia, sala, mashairi na vitabu vya watoto. Gazeti haliziweki. Neno ספר peke yake linaweza kusomwa sefer (kitabu), sapar (kinyozi) au safar (alihesabu), na muktadha ndio unaoamua. Msomaji anamudu kwa sababu mzizi anauona na kiolezo anakitambua. Herufi vav na yod pia husaidia kuonyesha o, u na i.

Kiuyghur kisingeweza kuishi hivyo. At ni farasi, it ni mbwa, ot ni moto, öt ni nyongo, ut ni "shinda". Ondoa irabu, yote yanabaki t, na maana zake hazina uhusiano wowote. Kwa hiyo mwandiko wao wa sasa, wenye asili ya Kiarabu, una herufi 32, na 8 kati yake ni irabu ambazo lazima ziandikwe: ئات، ئىت، ئوت، ئۆت، ئۇت. Kialama cha mwanzo, ئ, hutangulia neno linaloanza kwa irabu. Mwandiko huu ulirudishwa China mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya kipindi cha herufi za Kilatini. Wauyghur wa Kazakhstan na Kyrgyzstan huandika kwa Kisiriliki, yaani herufi za aina ya Kirusi. Waliowahi kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambapo o na u huweza kuandikwa sawa, wataona mara moja faida ya uamuzi huo.

Kwenye kompyuta, usichape Kiuyghur kwa kibodi ya Kiarabu. Irabu ە (U+06D5, namba yake katika Unicode, orodha ya herufi za kompyuta) inafanana na ه ya Kiarabu (U+0647) mwishoni mwa neno, lakini ya kwanza haiungani na herufi inayofuata na ya pili inaungana, hivyo neno huharibika na programu ya kutafuta hailipati. Vilevile ى ni irabu i na ي ni konsonanti y. Programu zinazozichanganya, kama wafanyavyo baadhi ya watengenezaji kwa ajili ya Kiarabu, huharibu Kiuyghur. Kiebrania hakina tatizo la kuunganisha, maana herufi zake husimama mojamoja, ila tano hubadili umbo mwishoni mwa neno, na ד na ר, au ה na ח, hupotezana kirahisi katika fonti ndogo.